Mafundo Tisini katika Nchi ya Yakini

Sogeeni, na aliyejifunika ukaya aufunue uso, maana nchi ninayowapeleka haimwamini aliyejifunika, na hata aliyejifunua huambiwa alete hati. Kabla hatujafika, shikeni kitendawili cha njiani: Ninaye mlinzi, akiifanya kazi yake vizuri, kila mtu huuliza anafanya nini. Msijibu sasa. Kitieni mfukoni, tutakitoa tukifika.

Nchi yenyewe inaitwa Yakini. Somoe wa Kisimachui, mkunga aliyepokea watoto wa vijiji vitatu kwa mikono yake miwili, alifika huko kwa sababu moja tu, nayo ni binti yake Chausiku. Chausiku aliolewa Yakini, ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Uzazi wake wa kwanza damu ilimtoka hata midomo ikawa rangi ya majivu. Mtoto alipona, na mama mtu akarudi kwa kudura tu. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na Somoe alikuwa ameapa kwamba safari hii hatakuwa mbali.

Lakini sheria ya Yakini ilisema mgeni hatoki mjini mpaka jina lake limekaa katika daftari la majina siku mia na ishirini. Somoe alihesabu kwa vidole, akaona mimba itaiva siku ya mia na kumi hivi.

"Kwa nini mia na ishirini?" alimuuliza mwandishi wa daftari.

Mwandishi akatazama dari, akatazama wino. "Bi mkubwa, majina huchukua muda kuenea."

"Kuenea wapi?"

"Kote."

Basi Somoe akapewa nyumba mtaani, nyumba yenye dirisha, akaanza kungoja. Kwa desturi ya Yakini kila nyumba ina dirisha la kujibu linaloulizwa. Ukitaka habari za mwanao unamtuma tarishi dirishani kwake, naye akiwa na swali hutuma tarishi dirishani kwako. Nyumba zina milango miwili pia, na milango ina namba. Wa nje, wa barazani, unaitwa Themanini. Wa ndani, lilipo dirisha, una uchochoro wake wa kufikia, nao unaitwa Mia Nne Arobaini na Tatu. Ya katikati iko wapi? Usiulize. Hakuna aliyewahi kuiona, na wenyeji humcheka anayeitafuta.

Majuma ya kwanza dirisha la Somoe halikuwa na muhuri, kwa hiyo barua zake zilikwenda wazi, bila kasha. Barua ya wazi hupita kwa Warekebishaji, watu wa heshima wenye kofia na meza zao kando ya barabara. Kazi yao ni kuzisoma barua za watu na kuzinyoosha. Siku moja Chausiku alishikwa na homa akauliza atumie nini. Somoe akamjibu achemshe majani fulani ya uchungu, anywe kikombe kimoja asubuhi. Barua ilifika ikisema vikombe vitatu, na chini yake limeongezwa tangazo la magodoro. Chausiku akanywa vitatu, akatapika siku mbili, na mimba tumboni.

Somoe alikwenda mwenyewe kwenye meza ya Mrekebishaji. "Mbona uligeuza?"

"Kimoja kilionekana kichache, mama," yule bwana akasema kwa upole, akimimina chai.

Barua iliyofuata kutoka bondeni ilisema: "Mama, ningejua si wewe. Hakukuwa na kitendawili. Ila homa ilinitia upofu." Maana hao wawili, tangu Chausiku yuko mgongoni, hawakumaliza mazungumzo bila kutegana vitendawili. Na chini ya barua akatega: "Anapiga mateke, na bado hajasimama." Somoe alicheka peke yake chumbani hata akajifuta machozi, akaandika jibu: "Huyo ni mjukuu wangu. Mwambie apunguze."

Tangu siku hiyo akaazimia kupata muhuri.

Muhuri wa Yakini ni kibonge cha nta nyekundu kinachotundikwa juu ya dirisha, kimeandikwa jina la nyumba na siku kitakapokufa. Tarishi wa kweli hubeba barua ndani ya kasha la chuma, na kasha hilo halifunguki ila mbele ya muhuri ulio hai. Warekebishaji hulitazama likipita, huligongagonga, huliacha. Muhuri haulipiwi chochote. Hutolewa na Ofisi ya Mihuri, na huishi siku tisini tu, ili mwizi akiuiba asiufaidi sana. Sheria hiyo Somoe hakuona ubaya wake. Ubaya aliuona kwa watu.

Siku ya kwanza alipokwenda, aliikuta Ofisi imezungukwa na wapiga mbiu wanaolia, "Nyumba hii haithibitiki! Rudini penye usalama!" Muhuri wa Ofisi ya Mihuri ulikuwa umekufa jana yake. Aliyekabidhiwa kazi ya kuuhuisha alikuwa likizoni. Na kwa kuwa ofisa haruhusiwi kuingia nyumba isiyo na muhuri hai, hakukuwa na wa kuingia kuutoa. Makarani walikaa nje siku tatu wakiletewa uji. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya nne akapokewa na karani Ruzuna, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unasema nyumba ni yako," Ruzuna alisema.

"Ni yangu."

"Kila mtu husema hivyo. Shika neno hili." Akamwandikia katika kikaratasi: kunazi, nane, kipepeo. "Ulibandike barazani kwako, pale panapojulikana na wote. Wakaguzi wetu watatu watakuja kwa njia tatu tofauti. Wote wakilikuta, tutajua aliyeomba muhuri ndiye mwenye nyumba. Asiye na nyumba hawezi kubandika kitu barazani mwake."

"Kumbe ni kitendawili," Somoe akasema, na kwa mara ya kwanza nchi ile ikampendeza kidogo.

"Si kitendawili. Ni utaratibu."

Wakaguzi walikuja, wakalikuta neno, na jioni hiyo nta nyekundu ikatundikwa.

Hapo ndipo alipoletewa kamba. Aliyeileta ni jirani yake, Bwana Msabaha, mtu wa ushauri, aliyekuwa na kauli kuhusu kila mlango isipokuwa wake. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo tisini. "Kila asubuhi unafungua fundo moja, shemeji. Ikibaki bila fundo, muhuri umekufa." Alimwita shemeji kwa mazoea tu, hakukuwa na udugu. "Mji mzima tunafanya hivi."

Kweli, mji mzima ulifanya hivyo. Sokoni watu walinunua vitunguu kwa mkono mmoja na mwingine ukipapasa kamba kiunoni. Harusini bwana harusi aliulizwa idadi ya mafundo yake kabla ya kuulizwa hali. Na bado kila wiki nyumba moja au mbili ziliamka na mpiga mbiu mlangoni, maana mtu akiugua, au akisafiri, au akifungua mafundo mawili kwa wasiwasi, hesabu huharibika. Mbiu zilikuwa nyingi hata wapita njia wakazizoea. "Pita tu," waliambiana, "huyo jana alipigia kelele tanuri la mikate." Lakini matarishi hawakupita. Tarishi akiona muhuri mfu hugeuka, na kasha lake kwapani.

"Na huu mlango wa nje nao," Bwana Msabaha aliongeza siku nyingine, akiukagua mlango wa Themanini kama daktari, "unauacha wazi kwa nini? Wezi wote huingilia hapo. Ufunge kwa gogo. Kilichobaki cha maana ni mlango wa ndani."

Somoe akaona lina akili. Akafunga kwa gogo.

Siku zikaenda. Mafundo yakapungua, tumbo la Chausiku likakua, na Somoe akaanza kuhisi kwamba kamba ile na tumbo lile vimefungwa pamoja. Fundo likiwa gumu kufunguka asubuhi, alikosa hamu ya kula. Yalipobaki kumi na tano alitaka kwenda Ofisini kuhuisha mapema.

"Usithubutu," Msabaha akamwambia. "Wataona una wasiwasi. Mwenye wasiwasi ana la kuficha."

Akangoja mpaka yakabaki matano. Hapo moyo ukamshinda.

Ruzuna alimpa neno jipya. Somoe alilibandika barazani, ndani ya mlango, kwa gundi ya unga, akakaa nyuma ya gogo akisikiliza. Alisikia hodi, akasikia kimya, akasikia nyayo zikienda zake. Alipofika Ofisini aliambiwa, "Jibu halikupatikana kwa wakati."

"Lakini neno lipo! Nimelibandika mwenyewe."

"Jibu halikupatikana kwa wakati," Ruzuna akarudia.

Somoe akaomba tena. Hodi, kimya, nyayo. Akaomba mara ya tatu akiwa amelibandika kwa misumari. Mara ya nne aliliandika kwa mkaa, herufi kubwa kama mikono. Mara ya tano kikaratasi kilimponyoka akakiokota mara mbili. Na mara ya tano Ruzuna hakuandika neno. Alifungua buku jingine, jeusi.

"Aliyeshindwa mara tano hunyamaza siku saba."

"Siku saba? Muhuri wangu unakufa baada ya siku nne! Binti yangu anajifungua juma hili!"

"Ndiyo sababu ya sheria, bi mkubwa. Wenye haraka wanatuchosha sana."

"Mngenionya!"

"Pale ng'ambo ya ua kuna Baraza la Mazoezi. Mtu hushindwa huko mara mia bila kuandikwa, akapewa mihuri ya karatasi ya kujifunzia." Ruzuna alionyesha kwa kidevu jumba tupu lenye mikeka mipya isiyokanyagwa. "Haendi mtu. Hapa kwetu mtu hapendi kuonekana anajifunza."

Somoe alirudi nyumbani akitembea kama aliyebeba maji kichwani bila kata. Kuna wasiwasi unaomfanya mtu akimbie, na kuna ule unaomfanya akae akiangalia ukuta. Huo wa pili ndio uliompata. Aliwaona matarishi wakigeuka. Aliwaona Warekebishaji na kofia zao. Alimwona Chausiku, midomo rangi ya majivu, akingoja jibu la mama.

Kesho yake akaenda Baraza Kuu kuomba asamehewe zile siku saba. Alikuta wazee wa mji wamo katika mjadala, akaambiwa angoje zamu. Mjadala ulikuwa juu ya bawabu mmoja aitwaye Faki.

"Huyu Faki," alisema mjumbe mmoja mwenye kamba tatu kiunoni, "analinda nyumba kumi na mbili katika mtaa wa nyuma. Wenye nyumba hizo hawana kamba. Nimewauliza muhuri wao unakufa lini, wakanijibu hawajui! Hawajui, waheshimiwa!"

"Na umewahi kufa?" mwingine akauliza.

"Hilo silo swali."

"Huhuisha siku ya sitini," akasema wa tatu, "wakati bado siku thelathini zimebaki. Huo ni upotevu wa siku."

"Nimemchungulia juma zima," wa nne akasema. "Amekaa kizingitini anamenya machungwa. Jasho lake sijaliona. Mtu ambaye jasho lake halionekani, tutajuaje kama anafanya kazi?"

Mzee mmoja wa nyuma kabisa alisimama kwa shida. "Mimi nauliza hili tu. Tukiacha kuhesabu mafundo, hii mikono yetu itafanya nini?"

Wajumbe wote wakaitazama mikono yao kwa huzuni. Wakaahirisha mpaka mwezi ujao, na ombi la Somoe likaahirishwa pamoja na mjadala. Lakini Somoe alikuwa ameshasimama zamani. Alikuwa njiani kuelekea mtaa wa nyuma.

Faki alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu ya khaki iliyofuliwa mara nyingi. Kweli alikuwa anamenya chungwa. Alimsikiliza Somoe mpaka mwisho bila kumkata, kisha akamkaribisha kipande.

"Niandikie mistari miwili," akasema. "Wa kwanza, jina la nyumba. Wa pili, kilichomo ndani."

Somoe akaandika: Nyumba ya Somoe Mkunga. Kisha: Mkunga anayejibu maswali. Akangoja. "Halafu?"

"Basi."

"Basi tu? Bwana Msabaha alinipa maagizo ya milango, kurasa arobaini!"

"Umezielewa ngapi?"

"Mbili. Na moja kati ya hizo ilikuwa jalada."

Faki akacheka, akapangusa mikono. "Twende kwanza tukashindwe, bibi. Lakini tukashindwe mahali pazuri."

Akampeleka Baraza la Mazoezi, mchana kweupe, watu wakiwatazama kutoka upande wa pili wa ua na kunong'onezana. Somoe aliona haya, akajifunika ukaya, akaufunua. Wakapewa neno, wakalibandika nyumbani, na Faki akasimama nje barabarani kana kwamba yeye ndiye mkaguzi. Alibisha mlango wa Themanini. Akabisha tena. Kisha akaita kupitia ufa:

"Bibi, nani amefunga hapa?"

"Mimi. Kwa gogo. Bwana Msabaha alisema wezi..."

"Mkaguzi huja kwa mlango huu. Huu tu. Sasa atalionaje neno lako, na gogo limelala kifuani kwake?"

Somoe alilitazama gogo. Alilitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula shuka yake. Mara tano, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameomba aonekane huku amejifungia.

"Nikifungua, wezi?"

"Hapo barazani hamna cha kuiba. Kazi ya Themanini ni mbili: kumwonyesha mkaguzi neno, na kumwambia kila mgeni mwingine, 'Pita kule ndani.' Hausemi la tatu. Mambo ya siri yote yako kwa ndani, chini ya muhuri." Akaliondoa gogo, akalilaza chini ya dirisha. "Sasa nipe ufunguo wa baraza."

Ufunguo. Somoe aliushika kifuani. Alikuwa na siku themanini na zaidi za maarifa ya milango, na mtu huyu alikuwa na nusu saa ya urafiki. "Na nikikupa, mimi nitafanya nini?"

"Utafanya ukunga."

Akampa. Vidole vyake viliuachia kimoja kimoja.

"Lakini zile siku saba," akakumbuka. "Ruzuna ameniandika katika buku jeusi."

"Ofisi ya Mihuri si moja. Ipo ya pili, nyuma ya soko la vitunguu. Sheria ni ileile, nta ni ileile, matarishi huikubali. Ila watu hupanga mstari pale walipouona mstari." Faki akavaa kofia. "Jambo moja, bibi. Leo au kesho au keshokutwa, wakaguzi wakiwa njiani, usitoke kwenda kuuliza. Usilibandue neno kulitazama. Usilibandike upya."

"Nikae tu?"

"Ukae."

Nani amewahi kumwambia mkunga akae! Siku iliyofuata Faki alirudi na neno jipya akalibandika, lakini bila jibu, maana ofisi ya pili ilikuwa na maombi ya watu wengine pia. Siku iliyofuata tena, wakaguzi wawili walikuja, kila mmoja kwa njia yake, wakasoma neno, wakatia alama. Wa tatu hakuonekana. Asubuhi ya siku ya tatu Somoe alifungua fundo la mwisho. Kamba ikalala mkononi laini, imenyooka kama nyoka aliyekufa. Nta nyekundu ikapasuka katikati, na kabla hajameza mate, mpiga mbiu alikuwa mlangoni akilia: "Nyumba hii haithibitiki! Rudini penye usalama!"

Saa nne hivi Kazija akatokea mwisho wa njia.

Kazija alikuwa tarishi wa bonde, mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kupindisha sheria hata mkunjo wa kanga. Kasha la chuma lilikuwa kwapani. Alisimama hatua tatu kutoka dirishani, akautazama muhuri uliopasuka.

"Kazija, mwanangu! Ni mimi, unanijua, umekunywa uji wangu!"

"Nakujua, bibi. Kasha halikujui."

"Ametuma nini? Uchungu umeanza?"

"Sijui kilichomo. Nilikimbia." Akalibana kasha kwapani. "Mumewe alilia aliponikabidhi. Sheria inanipa pumzi thelathini." Akaanza kuzihesabu kwa sauti, kifua kikipanda na kushuka. Mpiga mbiu alilia. Wapita njia walisema pita tu, pita tu. Somoe aliuona mguu wake mwenyewe ukitoka nje ya kizingiti, umekwishageuka kuelekea Ofisini, na akaukanyaga kwa mguu wa pili. Usitoke kwenda kuuliza. Alishika nguzo.

"Thelathini," akasema Kazija, akageuka.

"Mwanangu..."

"Sheria inaniruhusu kujaribu mara tatu. Nazunguka mtaa, narudi."

Mzunguko wa mtaa ule ni mfupi, mtu huumaliza kabla chai haijapoa. Mara ya kwanza Kazija aliuzunguka kwa mwendo wa kitarishi, akarudi, akahesabu thelathini, na muhuri ulikuwa umepasuka vilevile. Somoe alikuwa amekaa chini, ameishika kamba, anaifunga mafundo upya bila kujua anafunga nini. Kazija alimtazama. Akalitazama kasha. Akageuka kwa mzunguko wa mwisho, na safari hii alitembea mwendo wa bibi harusi anayepelekwa kwa asiyemtaka. Alisimama kuangalia bei ya bamia. Aliangalia na ya ndizi. Alivua kiatu akakung'uta mchanga usiokuwemo. Sheria ilisema ajaribu mara tatu. Haikusema azunguke kwa haraka, na Kazija, ambaye hakuwahi kuivunja sheria, siku hiyo aliitumia yote mpaka ukingo.

Alipopinda kona ya mwisho, mkaguzi wa tatu alikuwa barazani anafunga kalamu yake, akinung'unika kuhusu msafara wa mazishi uliomfungia njia. Faki alikuwa juu ya kigoda, anatundika nta mpya. Mpiga mbiu alikwishakunja mkeka wake, anakwenda nyumba nyingine.

Kazija akasimama hatua tatu. Akasoma jina. Akasoma siku. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kasha likafunguka lenyewe, tak!

Mwandiko wa Chausiku ulikuwa umelegea. "Mama, chupa ya uzazi imepasuka tangu jana asubuhi na uchungu haushiki. Mkunga wa hapa amenichemshia mizizi ya kusukuma, anasema ninywe kikombe chote. Ninywe? Kitendawili sina leo."

Somoe akavuta karatasi. Huo ndio ukunga. "Usinywe hata tone," akaandika. "Mwambie mumeo akubebe sasa hivi hadi hospitali ya mlimani, asingoje jua lipoe. Waambie mapema kuhusu damu ya uzazi wa kwanza, wajiandae. Mtoto akitoka awekwe titini papo hapo, na wakukande tumbo mpaka liwe gumu. Tega ukipata nafasi. Mimi niko hapa." Kasha likajifunga. Kazija alikuwa ameshakimbia.

Ule mchana, na usiku wake, na asubuhi yake, sitawasimulia. Kila aliyewahi kungoja anaujua. Bwana Msabaha alikuja mara mbili kueleza kwa nini kuondoa gogo ni hatari, na mara zote mbili Somoe alimpa maharage achambue, akachambua.

Alasiri Kazija akatokea. Hakuwa anakimbia, na Somoe hakujua kama hiyo ni heri au ni shari. Hatua tatu, jina, siku. Kasha likafunguka. Ndani mlikuwa na karatasi moja, mstari mmoja tu, mwandiko umelegea kuliko ule wa jana:

"Mama, kitendawili. Amekuja leo. Hana jina, hana hati, hana muhuri. Hakuna aliyemuuliza ni nani, na nyumba nzima imemfungulia."

Somoe aliusoma mara moja. Akakaa juu ya lile gogo.

"Nini?" Kazija akauliza, akisahau kwamba tarishi haulizi. "Bibi, imesema nini?"

Somoe akamsomea.

"Mtoto!" Kazija akapiga kofi moja, kisha akaikamata furaha yake akaizuia. Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, hakukuwa na kitu. "Lakini bibi... habari ya mama mtu haimo."

"Imo."

"Iko wapi? Mbona siioni?"

"Kazija, mwanangu," Somoe akasema, na machozi yakamfikia kidevuni, "maiti hategi."

Akachukua kalamu kuandika jibu, akakuta mkono wake mwingine bado unaipapasa ile kamba. Aliiacha ipapase. Siku kumi zilikuwa zimebaki kabla hajaruhusiwa kwenda bondeni, na mazoea hayafi kwa nta. Mpita njia mmoja, mwenye kamba mbili kiunoni, akapunguza mwendo mbele ya baraza, akamtazama Faki aliyekuwa amekaa kizingitini pa Themanini na kisu na chungwa lake, kisha akamwinamia Somoe dirishani.

"Samahani, bi mkubwa," akanong'ona. "Huyu naye, hapa kwako anafanya nini?"